Mtu Aliyeketi Juu ya Maji

Alfajiri moja ya maleleji, wakati upepo wa kusi umekwisha kuchoka na kaskazi haijajaaliwa kuanza, nilisimama pwani ya Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, nikaelekeza uso wangu kwenye mkondo unaoitenga pwani ile na kisiwa cha Tumbatu, nikaona mtu ameketi juu ya maji. Sikuona chombo. Bahari ilikuwa shwari, imelala kama sinia iliyosuguliwa kwa majivu, na rangi yake ilikuwa moja na rangi ya mbingu, hata mpaka baina ya viwili hivyo haukujulikana ulipo. Na katikati ya weupe ule usio juu wala chini alikuwako mwanadamu mmoja, mweusi mithili ya nukta ya wino katika waraka usioandikwa kitu kingine, kichwa amekiinamisha kidogo, mkono mmoja ameushusha ubavuni, ametulia utulivu wa mtu anayepewa habari kwa sauti ndogo naye hataki neno hata moja limpite. Nilimtazama kitambo kizima kabla macho yangu hayajatambua, chini ya kiuno chake, mstari mwembamba wa ukingo wa mtumbwi, uliouzidi uso wa maji kwa kadiri ya shibiri moja tu. Hapo ajabu yangu ilipaswa kwisha, kwa kuwa hakuna jambo la kawaida katika pwani zetu kama mvuvi wa mshipi ndani ya mtumbwi wake. Lakini haikwisha, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani macho yangu yalikiona kabla akili haijaja kuyasahihisha.

Jahazi ni mkutano wa mbao nyingi na mafundi wengi. Mtumbwi ni mti mmoja, ulioangushwa, ukachongwa kwa shoka na tezo nje na ndani, ukatolewa moyo, ukabaki ganda. Kwetu aghalabu mti huo ni mwembe, kwa sababu shina lake hunenepa vya kutosha na mwili wake hautaabishi tezo, na kwa sababu miembe hupandwa karibu na majumba. Hivyo hutokea kwamba mti uliowapa watoto wa mtaa embe na kivuli kwa umri wa watu wawili watatu huzeeka, ukaacha kuzaa, akaja fundi akaupima kwa macho, na baada ya miezi michache mtoto mmoja katika wale waliokuwa wakiupanda kwa kuiba embe, ambaye sasa ana ndevu nyeupe, huketi ndani yake akaenda nao baharini. Wahenga waliosema bandu bandu huisha gogo walikuwa wakituonya juu ya mali ipunguayo kidogo kidogo pasipo mwenyewe kutambua. Kwa fundi wa mitumbwi maneno hayo yana uso wa pili, kwa maana kazi yake yote ni kuliisha gogo, na ustadi wake wote ni kujua pa kukomea: akizidisha bandu moja ameutoboa mtumbwi, akipunguza ameacha uzito utakaouchosha mkono wa mvuvi maisha yake yote. Nimepata kumwona fundi akiupiga konzi ubavu wa mtumbwi ambao haujamalizika, sikio kaliweka karibu na mti, kama tabibu agongaye kifua cha mgonjwa. Akagonga hapa, akagonga pale, akatikisa kichwa, akaishika tezo tena. Hakuwa na kipimo kingine chochote.

Chombo hiki ni kikongwe kuliko karibu kila kitu tunachokiita chetu. Mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa kitabu cha kuwaongoza mabaharia kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, alikitaja kisiwa cha pwani zetu kwa jina la Menouthias, ambacho wataalamu wengine hukidhania kuwa ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Akasema wenyeji wake walikuwa na vyombo vya kushona na mitumbwi ya gogo moja, wakiivulia samaki na kasa, na ya kuwa walitega vikapu kwenye milango ya maji baina ya miamba. Atakayekaa leo Mkokotoni na kuyatazama madema yakishushwa ataona kwamba yule mgeni hakupotea. Baada yake wamekuja Wareno na merikebu zao, tangu mwaka 1498. Wamekuja Waomani na mabaghala, Waingereza na meli za moshi, kila kaumu na chombo kikubwa kuliko cha waliotangulia, na kila kimoja katika vyombo hivyo, kilipotia nanga, kiliukuta mtumbwi ukipita chini ya ubavu wake na mtu mmoja ndani, akienda zake kuvua. Na vilipong'oa nanga na kuondoka moja kwa moja, mtumbwi ulikuwa ungali ukipita.

Na si pwani zetu peke yake. Mbali na hapa, katika Greenland na visiwa vya kaskazini ya Amerika, ambako bahari huganda na mti hauoti, Wainuit walikuwa na chombo cha mtu mmoja wakiitacho qajaq, ambacho lugha za Ulaya zimekiita kayak, nasi tukikitaja twasema kayaki. Kwa kuwa hawakuwa na mwembe wa kuangusha, walikusanya magogo yaliyoletwa na mawimbi kutoka mito ya nchi za mbali, na mifupa ya wanyama, wakaunga mbavu za chombo, kisha wanawake wakaivika mbavu hizo ngozi za sili, mnyama wa bahari za baridi, wakazishona kwa mshono usiopitisha maji. Kipimo cha chombo kilikuwa ni mwili wa mwenyewe: urefu kwa mikono yake, upana kwa kiuno chake, kina kwa ngumi zake, hata kayaki ya mtu haikumfaa jirani, kama kanzu ya mtu isivyomkaa mwenziwe. Tena alipoketi ndani alivaa joho la ngozi lililofungwa kwenye ukingo wa tundu, wala maji hayakuwa na pa kuingilia; na chombo kikipinduka alikipindua tena kwa kafi lake, akarudi juu akipenga maji ya chumvi, bila ya kukitoka. Mtu yule alikivaa chombo chake. Mimi hustaajabia mno mapatano haya ya watu ambao hawakupata kuamkiana: mmoja kajaaliwa miti asijue barafu, mwingine kajaaliwa barafu asijue miti, na wote wawili, walipotaka kwenda kumtafuta kiumbe wa baharini, wakaona kwamba yafaa waende wakiwa wamoja wamoja, katika chombo kilichopimwa kwa mwili, na wakae chini kabisa, karibu na maji kadiri mwanadamu awezavyo kukaribia asizame.

Siku hizi kayaki hufanywa viwandani, kwa plastiki, za manjano na nyekundu, na katika nchi za matajiri wako watu wengi waziwekao juu ya magari yao kila mwisho wa juma wakaenda nazo kuvua. Pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, huyakata mawimbi mazito ya ufuoni kwa makafi, wakatoka nje wakamfuata nguru, samaki yuleyule ambaye kwetu hukatwa vipande sokoni. Watu hao wana njia ya kununua boti na mashine, nao wameiacha. Sina dharau nao hata kidogo. Mtu aliyeshiba akaondoka kitandani usiku, akaenda kuketi shibiri moja juu ya maji ya baridi, hakutoka kwa ajili ya kitoweo tu. Kuna kitu amekikosa katika nyumba yake, naye amekisia, sawasawa kwa rai yangu, ya kuwa kitu hicho hakipatikani juu ya sitaha. Mvuvi wa Mkokotoni ameketi kwenye kimo kilekile kwa sababu ya uhaba wa fedha. Njia zao mbili hazifanani hata kidogo, lakini kimo ni kimoja, na neno la kimo hiki ndilo lililonikaa moyoni.

Jua lilipopanda, yule niliyemwona akarudi. Alikuwa mzee mkavu, mwenye kofia iliyopauka kwa chumvi, na ndani ya mtumbwi wake, ambao ulikuwa na kiraka cha bati karibu na omo, mlikuwa na kafi, jiwe lililofungwa kamba kwa ajili ya nanga, kifuu cha nazi cha kufulia maji, na kibao kilichozungushiwa mshipi. Tulisaidiana kuukokota mtumbwi mchangani. Nikamwamkia, "Shikamoo, ami," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na aliponipa mkono nikahisi, katika kidole chake cha shahada, mfuo uliochimbika katikati ya pingili mbili, mgumu kama pembe. Ni njia ya mshipi. Uzi umepita hapo kwa miaka, ukapafanya pake, kama kamba ya kisima inavyojichorea njia yake katika jiwe la ukingo.

Juu ya kidole kile ningeweza kuandika kitabu. Watu wasiovua hudhani ya kuwa mvuvi hutupa ndoana akangoja, na kwamba fadhila yake yote ni subira. Subira anayo, lakini hangoji, bali husikiliza, na sikio lake ni pale penye mfuo. Chubwi inapofika chini humpasha habari ya mahali ilipotua: juu ya mwamba hugonga, juu ya mchanga hukaa taratibu, na katika tope hunyamaza, kisha ikivutwa hutoka kwa uzito kidogo, kama mguu utokao katika matope ya hori. Anajua hivyo nyumba ya samaki ikoje, naye hajaiona wala hataiona. Kisha waja wenyewe, kila mmoja na mbisho wake. Tasi huiba, hula chambo kwa adabu ya mwizi mstahifu, na mvuvi mgeni huvuta ndoana tupu akaapa kuwa hapakufika kitu. Changu hudonoa, huacha, hudonoa. Chewa hana papara, hufungua kinywa akameza chambo na ndoana pamoja, kisha hugeuka kurejea pangoni kwake, na mvuvi asipomzuia katika pima ile ya kwanza, amempoteza pamoja na mshipi, kwa maana akishaingia mwambani hatoki. Kolekole ndiye mtihani: akishikwa hukimbia, na mtumbwi kwa wepesi wake humfuata, ukaenda bila kafi, omo ikipasua maji, na mtu aliyekuja kuvuta akawa ndiye anayevutwa. Hapo ndipo panapobainika maana ya mshipi, kwamba una ncha mbili, na ya kuwa katika kila ncha kuna roho inayotaka kubaki pale ilipo.

Mahali penyewe pa kuvulia hapana alama juu ya maji. Mvuvi hupapata kwa kuoanisha vitu vya nchi kavu: mnara wa msikiti ukiwa umesimama nyuma ya mnazi fulani uliopinda, na upande wa pili ncha ya kisiwa ikiwa imeanza tu kufunika mbuyu, mistari miwili hukutana katika kichwa chake, na pale ikutanapo hutupa jiwe lake. Elimu hiyo hurithiwa kama shamba, na huhifadhiwa kwa siri zaidi kuliko shamba, kwa kuwa shamba lina hati. Nilimwuliza mzee yule ni wapi alipopata samaki wake. Akanyoosha mkono wake kuelekea bahari yote. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, wala hakuna aliyemlazimisha aseme.

Twasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na aghalabu twasema hivyo kwa kumhurumia chungu. Lakini mfikirie mtu mwenye mshipi wa pima mia mkononi, ndani ya chombo ambacho maji yake huyafua kwa kifuu, juu ya kilindi ambacho kwa nisba yake yeye ni mdogo kuliko chungu. Na fikiri ni nini chaweza kumgusa kidole. Mwaka 1938, karibu na mlango wa mto Chalumna, Afrika Kusini, wavu wa meli ulimtoa samaki mwenye mapezi kama viungo vya mnyama, naye Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa mwangalizi wa makumbusho ya mji wa East London, akatambua kuwa hajapata kuonekana mfano wake, na mtaalamu J. L. B. Smith alipomtazama akamjua kuwa ni silikanti, wa ukoo uliojulikana kwa alama zake katika mawe tu, ambao elimu ilikwisha kuuandikia taazia kwamba ulitoweka zamani za miaka milioni 65 na zaidi. Smith alimtafuta wa pili kwa miaka 14, akatangaza zawadi ya pauni 100. Na aliyemleta, katika Desemba ya mwaka 1952, hakuwa meli wala chuo, bali mvuvi wa Nzwani, katika visiwa vya Komoro, aliyekuwa akivua usiku kwa mshipi. Wakomoro huvua hivyo katika galawa, ambayo ni ngalawa yetu kwa lafudhi yao, mtumbwi mwembamba wenye matengo. Na kumbe samaki yule walimjua tangu zamani, wakimwita gombessa, wala hawakumjali sana kwa kuwa nyama yake haipendezi. Mimi huwaza mara kwa mara juu ya usiku ule: giza juu, giza chini, na katika kidole cha mtu mmoja uzito unaopanda polepole kutoka mahali ambapo dahari ilikuwa imemficha mtu wake. Huenda mkono wake ulimwambia, kabla jicho halijaona, kwamba hiki si kile alichokizoea.

Upweke wa usiku kama huo si jambo jepesi. Madaktari wa Kidenishi waliofanya kazi Greenland tangu karne ya 19 waliandika juu ya maradhi yaliyowapata wawindaji wa kayaki, na la kushangaza ni kwamba hayakuwapata katika tufani. Yaliwapata wakati wa shwari. Mtu ameketi peke yake akimngoja sili, bahari imekuwa kioo, jua linamwakia usoni, hapana wimbi, hapana sauti. Kisha pole pole hupoteza mahali ulipo mpaka wa maji na mbingu, huona chombo chake kinakuwa kirefu au chembamba, huhisi maji ya baridi yakimpanda miguuni ilhali hayakuingia, naye hawezi kutikisa mkono kwa hofu kwamba akitikisa atapinduka. Walikuwamo wawindaji mahodari ambao baada ya siku moja kama hiyo hawakuenda tena baharini. Na dawa yake ilikuwa ndogo: upepo ukivuma ukavunja kile kioo, au chombo cha mwenzake kikatokea karibu, mtu hufunguka, akashika kafi. Nilipoyasoma hayo niliikumbuka asubuhi yangu ya Mkokotoni, na weupe ule usio juu wala chini, nikatambua kwamba niliyemdhania amestarehe katika faragha yake huenda alikuwa amekaa mahali pa hatari ambayo mimi, niliyesimama juu ya mchanga mgumu, sikuwa na njia ya kuijua.

Nilimwuliza siku ileile, kabla sijayasoma hayo. "Ami, kule nje peke yako, huogopi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi nyingine. "Nani kakwambia niko peke yangu?" akasema, akanyoosha kidevu kuelekea baharini, nikageuka, nikaona kwa mara ya kwanza kile ambacho jua lilikuwa limekidhihirisha, mitumbwi mingine, minne, mitano, kila mmoja na mtu wake, mbali mbali kadiri ya mishipi isije ikatatana, na karibu kadiri ya sauti kufika. Akanieleza kwamba mara kwa mara mmoja huinua mkono, naye aliye jirani humjibu, na hakuna maana nyingine katika ishara ile. Asiyejibu huendewa. Nikafikiri juu ya safu ya msikitini, ambamo kila mtu huswali swala yake, hesabu yake ni yake na Mola wake, hapana awezaye kumrukuia mwingine. Na juu ya hivyo tumeamrishwa tusimame bega kwa bega. Iko faragha ambayo haina ukiwa. Sijui mahali pengi pa kuionyesha kwa jicho, lakini maji yale ni mojawapo.

Narudi kwenye ile shibiri moja. Ukingo wa mtumbwi ukiwa karibu na maji kiasi kile, hakuna jambo litendekalo baharini ambalo mtu aliyemo hapati habari zake papo hapo: akiegemea mno huingia maji, akichukua mzigo mno huingia maji, akivua samaki aliyemshinda nguvu ni yeye atakayekwenda na samaki. Mtumbwi humkataza mtu. Haumsubirishi mpaka kizazi kijacho ndipo uonyeshe taksiri yake. Humwonyesha miguuni mwake, na kifuu cha nazi humkumbusha ni kiasi gani. Kwa hiyo mtu huyu ana kadiri, na kadiri yake haikutoka katika wema wake, kwani yeye ni mtu kama watu, bali imechongwa katika mti. Vyombo vyetu vikubwa havina fundisho hilo. Kadiri sitaha inavyopanda juu ya maji, ndivyo tendo linavyojitenga na matokeo yake, mpaka hufika mahali ambapo mtu aweza kuiharibu bahari nzima asiloe hata nguo. Aliyepiga baruti kwenye matumbawe, uovu uliotesa pwani nyingi za Tanzania bara kwa miaka mingi ijapokuwa sheria imeukataza, hakugusana na samaki hata mmoja. Alitupa, akaziba masikio, akakusanya walioelea na kuwaacha wengi zaidi waliozama, na mwamba uliochukua umri wa watu wengi kuota ukawa kifusi. Hata yule silikanti, aliyekuja Komoro mmoja mmoja kwa mshipi, alipoonekana katika maji ya Tanzania tangu mwaka 2003 alikuja na majarife ya papa yaliyotandazwa vilindini, makumi kwa makumi, na wavu haukumwambia mtu kitu.

Sisemi umaskini ni hikima. Nilimwuliza mzee kama angependa boti ya mashine, na jibu lake halikuwa la mtu anayejivunia uhaba. "Nani asiyetaka, mwanangu? Mgongo huu umechoka. Lakini mashine hula kwanza, mimi nile baadaye. Siku nisiyopata kitu, mtumbwi haunidai; mashine hudai hata nikilala." Katika maneno hayo machache mlikuwamo habari nzima ambayo wengine huiandikia vitabu vizito: jinsi petroli inavyomtia mvuvi deni kabla hajatia ndoana majini, jinsi samaki wake wanavyokuwa mali ya mtu mwingine wangali wakiogelea, na jinsi anavyolazimika kwenda mbali zaidi, kukaa zaidi, kutwaa wadogo zaidi, si kwa tamaa bali kwa kukimbizana na mdomo wa kitu ambacho hakishibi. Na kusi likivuma kwa nguvu mtumbwi haendi mtu nao popote, na majumbani mwa wavuvi hujulikana. Miembe minene nayo imepungua, na fundi akiulizwa mti husafiri mbali kuutafuta, au huunga mbao pale alipotarajia gogo. Kiraka cha bati nilichokiona karibu na omo hakikuwa pambo. Nikikisifu kimo kile, nakisifu huku nikijua kwamba aliyekaa pale hakukichagua, na kwamba kama yuko mtu anayestahiki kukisifu au kukilaani, ni yeye.

Lakini mimi nirudipo nyumbani na nguru aliyefungwa katika gazeti, nami sikuhisi mtikisiko wowote katika kidole changu chochote, hujiona ni maskini wa jambo moja ambalo yeye amejaaliwa. Kila nikitumiacho kimetoka upande wa pili wa uzi mrefu: nguo, mkate, mafuta ya taa, karatasi hii, na uzi umekuwa mrefu mno, umepita mikono mingi mno, hata ile roho iliyokuwa ikivuta upande wa pili sauti yake hainifikii. Riziki ni kama ajali, huitambui ijapo, walisema wazee, wakikusudia kwamba haina miadi. Mzee yule yeye huitambua ijapo. Humgonga kidoleni, naye huishusha pumzi yake, akatamka jina la Mwenyezi Mungu, akavuta.

Alikuwa na changu watano na chewa mmoja wa wastani. Aliwatunga kwa kamba ya ukindu, akawainua kuupima mtungo kwa mkono, kisha akamchomoa changu mmoja akanipa, kwa kuwa nilimsaidia kuukokota mtumbwi, na nilipotaka kukataa alinitazama kwa namna iliyonifanya nipokee kwa mikono miwili. Akaupindua mtumbwi kifudifudi ili ukauke, akaweka kafi chini yake, akaenda zake.

Kesho yake niliwahi zaidi. Ilikuwa shwari tena, na mpaka wa maji na mbingu ulikuwa umepotea tena, na katika weupe ule walikuwa wameketi watu sita au saba, mbali mbali, hapana chombo kilichoonekana. Nilijaribu kumtambua aliyekuwa wangu, sikuweza. Baada ya muda mmoja akainua mkono, akauweka juu kidogo, na upande wa Tumbatu, mbali sana, ukainuka mwingine. Kisha yote miwili ikashuka, na upepo wa matlai ukaanza kuyakunja maji.